Chungu Kilichopiga Chafya

Chungu kilipiga chafya.

"Vumbi hilo," fundi saa akasema. "Nilikwambia."

"Uliniambia," chungu kikajibu.

Hapo fundi saa akasimama kama aliyeitwa na askari. Alikuwa amekuja kwenye ukumbi wa maonyesho ya vyungu kumtafuta mkewe, mfinyanzi, ambaye jana alituma ujumbe kwamba analala karakanani, kazi imembana. Asubuhi shati lake la kijivu halikuonekana, basi mume akaona jambo limekuwa la dharura. Mlangoni binti msimamizi alimpokea kwa adabu nyingi. "Shikamoo, mzee. Tulikuwa tunakusubiri wewe." Kisha akarudi upesi kwenye meza yake ya nyaya na swichi.

Ukumbi haukuwa na dirisha hata moja. Vyungu kumi na viwili vilipangwa kwa duara, kila kimoja na spika tumboni. Kimoja kilinyesha mvua. Kimoja kilifagia. Kimoja kilikoroga chai mara tisa, kikagonga kijiko ukingoni mwa kikombe, kikaanza upya. Wageni walizunguka wakiitikia kwa vichwa, kama watu wanaoelewa. Katikati kilisimama kikubwa chao, kirefu kumzidi mtu, cha udongo mkavu ambao haujaona moto. Ndicho kilichopiga chafya, na juu kilikuwa kimefungwa kabisa.

Fundi saa aliijua kazi ya mkewe. Vyungu vya ukubwa ule huvijenga akiwa ndani, akizungusha kamba ya udongo juu ya kamba mpaka juu pafungike. Kisha hutambaa nje kwa kidirisha cha chini, nacho kikazibwa kwa nje. Mzee akainama, magoti yakalia. Akapapasa. Kidirisha kilikuwa kimezibwa na kulainishwa vizuri, hata ukucha haukupata pa kushika.

"Mke wangu, uko humo?"

"Nipo. Umekuja kuulizia shati."

"La kijivu," akasema, halafu akaona haya. "Sasa unafanya nini humo?"

"Sina pa kutokea."

"Nani kakuzibia?"

"Nilikuwa kazini, nikageuka, nikakuta pamezibwa."

"Si ungeita?"

"Niliita."

"Mimi sikusikia."

"Ulikuwa na saa ya mtu mkononi."

Kweli. Jana alikuwa na saa ya mtu mkononi. Juzi pia.

"Hewa imekuwa nzito," sauti ikaendelea, imebanwa, kana kwamba inapita kwenye kitambaa. "Nikinyoosha mkono, ukuta. Nikigeuka, ukuta. Hata kuinamisha kichwa, lazima kwanza nifikirie pa kukiweka."

"Tulia. Usiongee sana."

"Ndivyo unavyoniambia siku zote."

Fundi saa akainuka. Akamgeukia msimamizi. "Binti, kuna mtu humu."

"Mzee, hiyo ni kazi ya sanaa."

"Sanaa gani inapiga chafya?"

Mgeni mmoja mwenye miwani mipana alicheka, akaandika kitu kwenye kijitabu. Wengine wakasogea. Mzee akawatazama mmoja mmoja, akitafuta mwenye sura ya kusaidia. Wote walikuwa na sura ya kutazama.

"Mke wangu ananijibu, binti. Nikiuliza, ananijibu. Kamwite mtu."

"Namsikia, mzee." Macho ya msimamizi hayakutoka mezani. "Ila mimi siruhusiwi kukigusa hicho chungu." Akasita kidogo. "Wewe hakuna aliyekukataza."

Nyundo ya mbao, ile ya kupondea udongo, ilikuwa imeegemezwa pale karibu. Fundi saa akaishika, akaona uzito wake. Mikono ile, kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa na duka, ilikuwa imeinua vyuma vidogo kama kope. Haikuwahi kuvunja hata kikombe.

"Nikipiga, kazi yako ya miezi saba imekwenda," akakiambia chungu.

"Unapima tena," sauti ikasema, chini sana sasa. "Mimi naishiwa, wewe unapima."

Akapiga.

Ufa ulitambaa toka begani mwa chungu hadi kiunoni. Akapiga tena, jasho likimwingia machoni, na huku anapiga anaahidi. Kwamba atamsikiliza. Kwamba redio itazimwa wakati wa kula. Kwamba Jumamosi duka halifunguliwi, watakwenda kwa dada ya mkewe, kule alikokuwa akitaka waende tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

"Vumilia, mke wangu. Nakutoa."

Pigo la tatu likafungua tumbo la chungu. Mwanga ukaingia.

Ndani palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda, spika ndogo kama ngumi.

Mezani msimamizi akaanza kuzima swichi. Vile vyungu kumi na viwili vikanyamaza, kimoja baada ya kingine.

"Toa miguu kwenye hivyo vipande, utateleza," spika ikasema.

Akaitoa.

"Na Jumamosi duka utafungua, tunajuana. Sasa unataka kuuliza niko wapi."

Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Niliondoka jana na basi la saa mbili. Haya yote niliyarekodi peke yangu mwezi uliopita, mume wangu. Zamu zako za kujibu niliziacha kimya tu."