Kaptura ya Mzee Anzolo

Kaptura ndiyo iliyokaribia kumshinda. Ili aonekane mtalii, kofia ya majani Mzee Anzolo aliivaa bila taabu, miwani myeusi pia, na kamera ya kuazima ikaning'inia shingoni. Lakini kuwaonyesha majirani magoti yake meupe, hapa hapa Venisi, hilo lilimtoa jasho.

Mkewe, Ines, aliacha kusafisha ngisi akamtazama.

"Ukipotea niwaambie polisi natafuta nini? Korongo?"

"Cheka tu. Binti yako anaolewa, lazima nimpime huyo mtu."

"Si anakuja kula mchana huu? Mpime mezani."

"Mezani kila mtu ana adabu. Mimi namtaka kwenye kasia."

Babu yake alikuwa mwendesha gondola, zile boti nyembamba za mifereji ya Venisi, baba yake vilevile, na yeye mwenyewe mpaka goti lilipomgomea. Sasa kasia lake lilikuwa limetundikwa ukutani sebuleni, halina mrithi. Mtoto alikuwa mmoja tu, Loredana, naye alichagua kufundisha hesabu. Mzee aliapa kwamba kasia lile hatalirithi mtu wa bara, wala binti yake hataolewa na mtu wa bara. Ndiyo maana alipouliza habari za mchumba, moyo ulimdunda. Loredana alimjibu neno moja tu: "Tulikutana kwenye gondola, baba, pale San Tomà. Mengine utayaona Jumapili."

Kwenye gondola! Usiku ule mzee alilala fofofo.

Jumapili hiyo, gatini San Tomà, waendesha gondola wengine wote walikuwa wazee wa rika lake, wanasinzia. Kijana alikuwa mmoja tu, mabega mapana, jina lake Tita. Ndiye, hakuna mwingine. Mzee Anzolo alimwashiria kwa kidole, kama wafanyavyo wageni, akajitupa kwenye kiti chenye matakia ambacho maisha yake yote alikuwa hajawahi kukikalia.

Kabla hawajaondoka, mwanamume mnene alikuja mbio, amekumbatia sinia ya keki iliyofungwa utepe.

"Samahani! Naweza kupanda na mzee huyu?"

Tita alimtazama Mzee Anzolo. Mzee akanung'unika. Mgeni wa kweli angekubali, basi naye akakubali. Yule mtu alipanda kwa kukanyaga ukingo, gondola nzima ikalala upande.

"Katikati!" mzee alifoka, kisha akakohoa. "Nimesikia watu wanasema ni vizuri kukanyaga katikati."

"Asante, mzee. Naitwa Oreste. Natoka Padova."

Wa bara, mzee alijisemea, akampa kisogo.

Ila Tita! Kasia lilikuwa linaingia majini bila kishindo. Kona nyembamba alizikata kwa ustadi, ukuta karibu umguse kiwiko asitetereke. Mzee alijisahau kabisa. Walipokaribia kona ya mfereji alipaaza sauti, "Oeee!" kuwaonya wanaokuja, kabla Tita hajafumbua mdomo. Akajifanya amepaliwa. Oreste, uso umemgeuka rangi ya njegere, alitabasamu kidogo.

"Lile jumba linavutia," Oreste alisema, akijaribu kutotazama maji. Kisha, kwa sauti ya chini: "Naendeleaje, mzee?"

"Vibaya. Tumbo linakusumbua?"

"Sana. Lakini nitavumilia mpaka mwisho."

"Nani amekulazimisha?"

Oreste alimtazama kama aliyeulizwa swali la mtego. "Hakuna, mzee," akajibu. "Nimependa mwenyewe."

Mtu wa ajabu. Mzee alimgeukia Tita na kumuuliza kama anakunywa sana. Kidogo, siku za sikukuu. Mama yake je? Anamtembelea kila Jumamosi. Mzee alitaka kulia kwa furaha. Akaanza kuliona kasia likitoka ukutani, na mjukuu amesimama nyuma ya gondola.

Hapo ndipo Oreste, kwa kutaka kupendeza, alipoamua kusimama.

"Karibu keki, mzee..."

Mbele yao daraja, tena la chini. Kila mwendesha gondola ana mbinu ya kumkalisha abiria aliyesimama: anahamisha uzito ghafla, gondola inayumba kidogo, mtu anajikuta kitini. Mzee Anzolo alihamisha uzito. Bahati mbaya tangu astaafu alikuwa ameongezeka kilo nyingi. Oreste hakujikuta kitini. Alitumbukia mferejini, na kwa muda kilichoonekana ni mikono miwili tu, imeinua sinia juu ya maji.

Tita alimvuta kwa mkono mmoja, kasia bado limo mkononi. Mzee Anzolo alipoona hivyo, hakuweza tena kujizuia. Walipofunga kamba gatini, alivua miwani, akatupa kofia, akamkumbatia Tita kwa nguvu zote.

"Mwanangu! Mimi ni baba yake Loredana. Nimekupima, nimekubali. Kasia langu ni lako, twende nyumbani tukale!"

Tita alijitoa taratibu mikononi mwake.

"Mzee Anzolo, nilikutambua tangu ulipopanda. Nani hapa asiyekufahamu? Lakini mimi nina mke na watoto wawili."

"Acha utani! Loredana mwenyewe kaniambia mlikutana kwenye gondola!"

"Loredana namvusha asubuhi akienda shuleni, basi." Tita alikuna kichwa. "Ila mzee, kwenye gondola huwa kuna na abiria."

Nyuma yao kulisikika kikohozi. Oreste alikuwa amesimama gatini, maji yanamchuruzika, sinia ya keki bado kifuani, utepe haujalowa hata kidogo.

"Baba," aliuliza kwa adabu, "Loredana alinionyesha picha yako, nikajua unanipima. Na hilo la kuogelea lilikuwemo kwenye mtihani?"