Mraba wa Uani

Siku hizi mvua hunyesha kwa miraba, na kila kaya hujichorea yake kwenye ramani ya kompyuta. Nyamizi aliichora ya kwake akaipatia hasa: mchicha ulishiba maji, na uani kwenye kamba ya nguo hapakudondoka hata tone. Roho yake kwatu.

"Mama Kabula, hebu nisogezee mstari," mama mkwe wake akaomba kutoka mkekani pale uani. "Nina hamu ya kunyeshewa."

Nyamizi akacheka, akauvuta mstari hadi mkekani. Mvua ikashuka, na bibi kizee akainua uso akitabasamu.

Mjukuu wake, ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la Kabula, jina la watoto wa mvua, akatimua mbio kuingia ndani.

"Mama, njoo! Bibi anavuja!"