Ua Lililosimama Kati Yao

Katika mazoezi ya mwisho ukumbini mwa shule ya Kitui, Nthenya alipanda jukwaani na ua jekundu la bogenvilia, akalinyoosha baina yake na mwenzake, akatamka: "Mpenzi, ua imesimama kati yetu!"

Mzee Mjerumani, mtunzi wa tamthilia waliyoifanyia mazoezi, aliinua mkono.

"Mwanangu, hilo ua ni la nini?"

"Si imeandikwa ua, Mzee? Ama ni ile ya kuua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Ni ua wa boma. Uzio."

Alilisema kwa uchovu, kwani hata uzio halikuwa neno lake. Ujanani, katika Ujerumani ya kisoshalisti, aliandika "ukuta". Wakuu wa chama wakamtaka achague: neno au jukwaa. Akachagua jukwaa, akaandika uzio. Wakamvika nishani, na tangu hapo kila tamthilia yake ilizaliwa na pengo. Ukuta wenyewe, ule uliogawa nchi yake, ulibomolewa zamani, lakini neno hakulirudisha. Ulimi uliozoea kukatwa husahau urefu wake.

"Basi tuseme nini, Mzee? Wazazi wanakuja kututazama."

Petali moja, nyembamba kama karatasi, ilidondoka kwenye kiatu cha Nthenya. Mzee aliitazama. Kisha, kabla ya kujibu, macho yake yakageukia mlangoni kumtafuta anayesikiliza, kama yalivyozoea enzi za chama.

Alikuwapo mbuzi tu, akicheua.

"Semeni..." Akakohoa, akaanza upya. "Semeni ukuta."

Nthenya akaliweka ua chini.