Shukrani Ambazo Hakuzitoa

Tangu asubuhi, kila aliyepanda jukwaani kwenye mkutano wa haki ya tabianchi alianza kwa shukrani ndefu kuliko hotuba yenyewe. Kwa hiyo mkalimani Shemboza alipomwona Bi Nyamizi akishika kipaza sauti, hakumngoja. Ndani ya kibanda chake cha vioo, aliwatangulizia wageni, waliomsikiliza kwa visikizi masikioni, shukrani kwa lugha yao: kwa waandaaji, kwa wafadhili, hadi kwa wapishi.

Wakati huohuo Bi Nyamizi alikuwa anasema, "Mimi sina la kushukuru. Mto umeanza kufukua makaburi yetu. Mwanangu amelala ukingoni kabisa. Nimekuja kuuliza, nani atatusaidia kuwahamisha marehemu wetu?"

Wageni ukumbi mzima wakapiga makofi.

"Kaka, umeshukuru mpaka masufuria," mwenzake wa kibandani, Mwahija, alimnong'oneza akicheka. Kisha akauona uso wa Shemboza, naye akaacha kucheka.

Bi Nyamizi alisubiri makofi yaishe. "Nimeuliza swali, wanangu. Ndiyo jibu hilo?"

Hilo nalo Shemboza alipaswa kulitafsiri, lakini alikuwa bado anatafuta namna ya kuzifuta shukrani alizozibuni. Mwenyekiti, naye mmoja wa wageni, akamkumbatia mama wa watu na kutangaza chai.

"Samahani," Shemboza alisema hatimaye kwa lugha ya wageni, "mama huyu hakushukuru. Ameuliza."

Wageni walikuwa wameshavua visikizi, wamemzunguka Bi Nyamizi wapige naye picha. Naye alisimama katikati yao, akiwatazama midomoni mmoja mmoja, kana kwamba jibu liko njiani.