Visanduku Viwili

"Anakutambua?" muuguzi aliuliza, kalamu yake ikisubiri juu ya fomu. Palikuwa na visanduku viwili tu: ndiyo na hapana.

Mwalimu wa falsafa alikuwa ametoka chuoni moja kwa moja. Kila mwaka alimwaga rundo la mchanga mezani, akaondoa punje mojamoja, akawauliza wanafunzi ni punje ipi ikitoka rundo litaacha kuwa rundo. Hakuna aliyewahi kuipata. Wao walinuna, yeye alicheka hadi machozi.

Sasa alimtazama mkewe kitandani, aliyekuwa akisahau kidogo kidogo mwaka wa tatu huu.

"Bado," alijibu.

"Bado anakutambua, baba, au bado hajakutambua?"

Mwalimu alikohoa. Neno hilo lilikuwa limemtosha maisha yake yote.

Mkewe hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameona vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia wa shati la mumewe. Alinyoosha vidole, akaanza kulipangusa taratibu, kuelekea chini, kama alivyofanya kila jioni mlangoni kwao.

"Mwalimu," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu uchumba wao; ndivyo pia alivyoitwa na kila mtu. "Mkeo hakufulii?"

"Hunifulia, mama. Tena vizuri sana."

"Basi mwambie aongeze sabuni."

Muuguzi aliinamisha kichwa juu ya fomu. "Niweke alama wapi, baba?"

Mwalimu alimnyooshea mkewe mkono wa kushoto, ambao haukuwa na chaki hata punje.