Ukoko wa Idi

Jiko la siku hizi haliwaki mpaka kila aliyemo nyumbani ameze kikombe chake cha uji wa jongoo bahari, mbele ya jicho dogo jekundu la kamera ya ukutani. Tumbo safi, sukari shwari, wanasema. Mimi naona kamasi tu, zito, linaning'ang'ania kooni kama kohozi la mtu mwingine.

Asubuhi ya Idi nilibana pua, nikabugia, nikajikaza nisitapike. Jiko likawaka. Nikapika pilau, kisha nikakwangua ukoko na kumwita mjukuu wangu Shani, wa miaka mitano. Sisi zamani tuliugombania ukoko mpaka tukang'atana.

Shani alitafuna mara moja, akanitemea kiganjani.

"Bibi, hiki kitu kinanuka!"

Akakimbilia kikombe changu, akaingiza vidole, akalamba mabaki ya lile kamasi huku amefumba macho kwa utamu.

"Mwache tu, mama," alisema mkwe wangu Raya. "Ndiyo afya hiyo."

Kwa hasira nikautia kinywani ule ukoko alioutema, nikautafuna.

Hata mimi, niliyeugombania zamani, ukanichefua vilevile.