Wauguzi Kumi na Wanne wa Mangobo

Pélagie alipofikia jina la kumi na tano, alichukua wembe akaikata karatasi nzima.

Daftarini walibaki kumi na wanne, wote waliouguza askari wa serikali katika vita vya waasi vya mwaka wa sitini na nne. Ndivyo walivyosema wenyewe. Alipoanza utafiti wake wa chuo, alizunguka mtaa wa Mangobo mwezi mzima asipate hata mmoja. Kila mama, wakati wa vita, alikuwa akifua nguo tu. Kisha redio ikatangaza kwamba chama cha Rais kitatoa medali, na wauguzi wakazuka kama uyoga. Kwa hesabu ya Pélagie, kila askari aliyejeruhiwa alikuwa na wauguzi watatu, na mmoja wa wauguzi hao alikuwa na umri wa miaka tisa wakati wa vita.

Wa kumi na tano hakutaka medali. Alikuwa amekimbilia Bafwasende baada ya vita, akarudi mwaka jana, serikali ilipokwisha kuyakataza majina ya ubatizo, hata la Pélagie likabaki la nyumbani tu. Zamani aliitwa Agathe. Sasa kitambulisho chake kilisema Asobee, na majirani hawakumjua kwa jina jingine.

"Miye nilitunza waasi," alimwambia Pélagie huku akigeuza makemba, ndizi zake za kuuza, kwenye mafuta. "Walikuwa watoto, na ngozi za chui kichwani. Walikuwa wanalilia mama yao, sawa wale wengine."

"Mama, usiseme kwa nguvu!"

"Si weye uliuliza? Bon, andika."

Aliandika. Ndiye muuguzi pekee wa kweli katika daftari lile, na bila yeye kazi ya miaka miwili ilikuwa gunzi tupu.

Lakini ruhusa ya utafiti ilitoka kwa citoyen Bosenge, raia Bosenge kama wote walivyotakiwa kuitana sasa, mkubwa wa chama katika mtaa wa Makiso, naye aliweka sharti: aione orodha kabla ya profesa. "Majina yote mawili, citoyenne, la zamani na la sasa. Na wanawake waliotunza waasi, hao zaidi." Bila muhuri wake hakuna diploma. Na Bosenge ndiye aliyemweka ndani siku tatu fundi mmoja wa baiskeli kwa kumwita jirani yake René hadharani. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia Pélagie orodha kama hiyo ni ya kazi gani.

Basi karatasi ikaingia motoni, chini ya sufuria ya wali.

Asubuhi, ofisini, Bosenge alisoma orodha polepole, kidole kikishuka jina kwa jina, abakosi yake, koti la watu wa chama, imefungwa mpaka kooni. Alipomaliza aliligeuza daftari, kana kwamba nyuma kungekuwa na kitu.

"Wako kumi na wanne tu?"

"Kumi na wanne, citoyen."

"Na waliotunza waasi?"

"Sikupata hata mmoja."

Bosenge alimwangalia karani wake. "Toka. Funga mlango."

Karani alitoka. Pélagie alishika ukingo wa kiti.

"Kulikuwa mumoja," Bosenge alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Agathe."

"Citoyen, majina hayo yamekatazwa."

"Unanifundisha miye? Ni miye ninayeyakataza! Yeye iko wapi?"

Mtaa wote wa Mangobo ulimpitia Pélagie kichwani, na mwanamke mmoja mbele ya kikaango, mgongo wazi, hana habari. Hakuwahi kusema uongo mbele ya mkubwa. Ulitoka laini kuliko alivyotarajia.

"Alikufa, citoyen. Kule Bafwasende. Ni homa ilimuua. Nilisikia tu, ndiyo sababu sikuandika."

"Una hakika?"

"Walimzika mbele ya watu wengi."

Bosenge alilivuta daftari kwake. Kisha akavuta muhuri, akaugonga mara moja, akalisukuma daftari juu ya meza hadi likamfikia Pélagie. Pélagie alikwisha kusimama, diploma yake ni kama iko mkononi, na mama wa watu yu salama.

"Miaka tisa ninamutafuta," Bosenge alisema, akiutazama ukuta, "toka siku ile nilianguka mlangoni kwake na ngozi ya chui kichwani, risasi mguuni, na yeye akaniita mutoto yangu."